Siku Nilinyima Matofali Maji

Kama kuna muntu atacheka mbele nimalize, ajue bantu ba mutaa wetu wa Bel-Air balishacheka kabla yake, bakubwa kwa batoto, na haya ya ile siku ingali inaniwasha masikio mpaka leo.

Ilikuwa Elisabethville (njo Lubumbashi ya sasa), Katanga ikiwa imejitenga, na tulikuwa tunajenga nyumba ya etaji saba, ndefu mpaka mawingu yaliomba ruhusa ya kupita. Siku risasi zilianza, muzungu musimamizi wa shantiye yetu ya ujenzi alipakia bibi na imbwa mu motokari, akakimbilia Sakania, kule ku mupaka, hatukumuona tena. Patron, mwenye jengo, akanipa bamasoni, mafundi ba kuta, niwaongoze wiki moja: siku ya posho atapanda kuona ukuta wa etaji ya saba, na ukimupendeza, mimi njo kapita, musimamizi wa bamasoni. Na ile kazi niliitaka kuliko chakula! Nilikuwa nimetoka kupata diplome ya masomo ya mangaribi, kichwa kilikuwa hakipiti tena mu mulango.

Sasa sikilizeni ujinga. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la kukaanga mayai juu ya kofia, na tofali inapaswa kuloweshwa kwanza, kisha ipangwe. Lakini mashine ya kupandisha maji haikuwa na mafuta ya esansi (vita, bandugu), basi kila ndoo ilipanda ngazi yote ku mabega ya bantu. Nikaona tunapoteza nusu ya siku kwa kunywesha matofali kama ngombe, nikasema, "Tuache! Tutaongeza maji kidogo mu simenti, inatosha."

Papa Kalenga, muzee aliyeanza kujenga mimi sijazaliwa, akaweka mwiko chini.

"Mwana, tofali kavu itanyonya maji yote. Simenti itabaki unga."

"Papa, hiyo inaitwa capillarité," nikamujibu (neno nililishika, maana yake, maji kujipandisha yenyewe mu tofali, niliielewa nyuma), "tulisoma ku tableau ya darasa."

"Ah bon. Basi ile tableau njo itashika ukuta."

Ukuta ulipanda kwa siku mbili, umenyooka kama padri ku misa, na mimi nilikuwa napiga mbinja.

Siku ya posho patron akafika juu akihema, pamoja na mupiga-picha, maana bantu balionunua vyumba balikuwa bamekimbia muji, na alitaka kuwatumia picha baone kazi inaendelea. Bamasoni bote bakajipanga.

"Egemea ukuta wako, kapita," patron akasema.

Kapita! Alisema kapita! Nikaweka mukono ku kiuno, nikaegemea kama waziri.

Ukuta haukuvunjika hata, uliondoka tu: simenti vumbi tupu, matofali yakashuka moja-moja kama bantu banaotoka mu treni, na mimi nyuma yao, miguu juu, mpaka mu chumba cha kuogea cha upande wa pili, ndani ya bafu iliyojaa chokaa ya kupakaa kuta. Nikatoka mweupe toka nywele mpaka viatu, macho tu yanapepesa.

Kisha sauti ya Papa Kalenga:

"Mon Dieu! Muzungu wetu amerudi kutoka Sakania!"

Bantu balicheka mpaka bakalala chini, na mupiga-picha (Mungu amusamehe) akapiga picha.

"Maji! Macho inawaka!" nikalia.

"Maji iko chini, Mwalimu," mumoja akajibu. "Ngoja capillarité iyapandishe."

Nikashuka etaji saba nikipapasa ukuta, nikatokea ku barabara, bamama baliouza karanga bakafanya alama ya musalaba. Nilikuwa ningali naosha macho ku robine ya maji wakati patron alipita. Hakunitazama. Alimwambia Papa Kalenga tu, "Kuanzia kesho, bantu hawa ni bako."

Muzee hakunitukana hata neno moja, na hiyo njo iliniuma zaidi. Kile cheo nilikingoja tena miaka sita. Na ile siku, nikiwa nadondoka chokaa mbele ya bamama ba karanga, niliapa: sitamusahihisha tena muntu ambaye kuta zake zingali zimesimama.