Makochi ya Mkuu wa Chuo

Moshi wa dizeli siupendi hadi leo. Juzi lori liliwashwa karibu nami sokoni Arua, na mara nikawa tena mtoto wa miaka minane, nimesimama kwenye uwanja wa chuo cha ualimu kule Koboko, nikitazama makochi ya mkuu wa chuo yakipakiwa.

Ilikuwa vita. Waasi walikuwa porini, jeshi barabarani, na milio ya bunduki ilikuwa ikitukaribia. Chuo kilikuwa na lori moja tu. Wanafunzi wa darasa la mwisho, waliobakiza mahafali, walisimama na mabegi yao wakidhani watapanda. Mkuu akapandisha makochi, kabati la vyombo, hata kuku wake ndani ya tenga. Akawaambia lori litarudi kuwachukua. Halikurudi.

Mlezi wa darasa lile alikuwa mama yangu, Madam Saida. Babu yetu, askari wa zamani, alizoea kusema kwamba mkubwa hula mwisho na huondoka mwisho. Mama alijifunga leso kiunoni, akanishika mkono, akawaambia wanafunzi tunakwenda Arua kwa miguu, kwa njia za mashambani.

Tulipita Lobule tukitafuna mihogo mibichi, umande ukitulowesha hadi magotini. Mbele kidogo vijana wa waasi, wenye bunduki, wakatokea ndani ya mtama. Mmoja wao alikuwa ndugu wa Drajua, mwanafunzi wetu mwenye mdomo kuliko wote. Walitazamana tu, hawakushikana hata mikono.

“Pita huku chini, kwa mto,” yule ndugu alisema. “Kule juu iko vita.”

Tukapita, tukafika Arua wote.

Mahafali yalifanyika huko huko Arua, maofisa wa jeshi wakiwa mstari wa mbele. Mgeni rasmi alimsifu mkuu kwa kuwaokoa vijana wa taifa, na mkuu, bila haya, akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Mama alikaa nyuma, miguu yake imefungwa vitambaa.

Drajua akasimama. “Lori ilibeba makochi,” alisema. “Sisi tulikuja na miguu, na Madam.”

Mkuu akatabasamu, akamwuliza polepole walipita njia gani, maana kila mahali palijaa waasi. Ofisa mmoja akainua macho.

Mama akainuka. “Kaa chini, mwanangu,” akamwambia Drajua. Kisha, mbele ya watu wote, akamshukuru mkuu kwa uongozi wake.

Nilimchukia mama siku ile. Nilikataa hata pilau ya sherehe. Niliona kumbe ni mwoga.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba lile swali lilikuwa kitanzi. Drajua angejibu, darasa zima lingetolewa pale kama watu wa waasi. Mkuu alilijua hilo alipouliza, akitabasamu. Hapo ndipo siwezi kusamehe.

Leo ukumbi wa chuo una jina la mkuu yule. Mama analima maharage Manibe, na Drajua, Mkristo, huja kila Idi kumsalimia. Nikianza kufoka, mama hunikatiza.

“Wote walifika. Unataka nini tena?”

Nataka jina la Madam Saida litajwe kwa sauti ndani ya ukumbi ule, na mkuu, ambaye bado yu hai, awepo asikie.