Chuck Iliyonibakiza Dagoretti Corner

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya mjini kati, fomeni alinitazama kuanzia viatu mpaka cheti cha sekondari.

"Leth unaijua?"

"Nimeiona kitabuni, mzee."

"Haya. Leo itakuona wewe."

Iliniona, ikanicheka. Lakini nilijifunza kwamba roho ya leth, mashine ya kuchonga vyuma, ni chuck, ile sehemu inayobana chuma kikizunguka ili kichongwe. Ina meno matatu, na nyuma yake sahani yenye mfereji uliojiviringa kama konokono. Ukizungusha ufunguo, meno yote husogea pamoja. Yana namba, ukiyarudisha ovyo, chuma hakikai katikati, na fomeni hakai kimya.

Baadaye nilipelekwa tawi la Dagoretti Corner, nikaoa, nikapanga nyumba Kabiria. Mchana natembea hadi nyumbani, nakula ugali ukiwa moto, narudi. Wenzangu walitaka vyeo. Mimi nilikuwa nimeshafika.

Kisha chuck ikachakaa. Meno yaliliwa upande wa mbele yakawa yanashika nyuma tu, na shafti za pampu, vile vyuma virefu tulivyokuwa tukichonga, zikatoka zikiyumba. Meneja, mama asiyepoteza maneno, akaja kuangalia.

"Fundi, hii mashine tunaifunga. Wewe utaenda tawi la Nakuru."

"Nakuru, madam? Na chakula changu cha mchana?"

"Nakuru pia wanakula."

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Sawa. Lakini begi anza kupanga."

Wenzangu walikuwa wameshayasaga meno yale yakiwa hayajabana kitu. Hapo ndipo tulipokuwa tukipotea: meno yakiwa huru hulala upande huu, yakibana hulala upande ule. Nikaifungua chuck, nikaosha mfereji kwa mafuta ya taa. Nikabana pete ya chuma nyuma kabisa ya meno, nikakaza kama kazi halisi. Nikafunga grinda ndogo, yenye jiwe la kusagia, juu ya leth, nikayasaga polepole yakizunguka. Mwisho nikatoa pete, nikapunguza kile kipande cha nyuma ambacho jiwe halikukifikia.

Ijumaa tukabana shafti, tukaweka geji ya kupima kuyumba. Mshale ulitikisika kidogo kama mtu anayesinzia, ukatulia.

"Wee!" fomeni wa tawi akapiga kelele. "Madam, kuja uone!"

Meneja akainama, akatazama, akatazama tena. "Umenunua mpya?"

"Ni ile ile, madam."

"Basi begi lipangue."

Tangu siku hiyo kila chuck mbovu ya kampuni ililetwa kwangu, hata zile za Nakuru, na nilistaafu nikiwa mbele ya leth ile ile. Vijana, wengine husomea ufundi ili wafike mbali. Mimi niliusomea ili nisiende popote, na sijaenda.