Msumari wa Tatu wa Eusebio Quintana

"Upepo ukitaka paa langu, uje na karatasi ya hakimu."

Eusebio Quintana aliyasema hayo mbele ya watu kama themanini, penye meza za domino za mji wetu wa Hialeah, mwaka ule kimbunga kilipotupita mbali na watangazaji wa hali ya hewa wakabaki na aibu. Alipigiwa makofi. Nusu ya mapaa ya mtaa wetu kayapiga misumari yeye, tangu baada ya kile kimbunga kikubwa cha tisini na mbili. Sifa hiyo akaitunza kama suti ya harusi: haimtoshi tena, lakini kuitupa hataki.

Sasa ana miaka sabini na tatu, goti moja la kuzaliwa nalo na la pili la hospitali. Mwaka huu bima ya nyumba ilipanda mpaka dola elfu tisa na mia nne, na pensheni yake hata uikamue kama chungwa haitoi hizo. Binti yake yuko Kentucky kwenye theluji, keshawaandalia wazazi wake chumba cha chini ya ardhi. Mkewe, Milagros, alisema haendi kuwekwa shimoni kama viazi, mama yake kazikwa hapa, dakika kumi kwa gari. Alisema hivyo huku kashaanza kukusanya maboksi matupu ya dukani.

Njia ilibaki moja. Mkaguzi aje, apande darini, athibitishe kwamba paa limefungwa sawasawa dhidi ya upepo. Fomu ikisema ndiyo, bima inashuka. Siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa Ijumaa. Eusebio hakuwa na shaka hata chembe, kiasi cha kumwalika Pacheco, mpinzani wake wa domino, aje kushuhudia. Mimi jirani nilifuata kahawa.

Mkaguzi, Yanelis Bouza, alifika Jumatatu saa nane mchana, mwezi wa Julai, nyumba yake ya tano siku hiyo. Alisikiliza habari ya bima na ya Kentucky, akapanda bila maneno. Aliposhuka alikuwa na manyoya ya kuzuia joto la dari kwenye nywele na uso wa mtu asiyependa kazi yake kwa dakika kumi zijazo. Akatuonyesha picha kwenye simu. Kila kenchi, pale inapokalia ukuta, imeshikwa na mkanda wa chuma, na kila mkanda unatakiwa kuwa na misumari mitatu.

"Mzee, ni miwili."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu. Mikanda hamsini na miwili, yote ina misumari miwili miwili."

Pacheco akakoroga kahawa yake. "Kumbe hakimu ndiye huyu binti."

Eusebio alisogea karibu na Yanelis, akashusha sauti. "Andika mitatu, mwanangu. Nani atapanda kuangalia?"

"Fomu inaenda na picha, mzee. Nikinyang'anywa leseni, tutahamia Kentucky wote."

Ndipo Milagros alipouliza, taratibu, ilikuwaje. Ikawa hivi: mwaka ule wa tisini na mbili misumari ilikuwa haba, watu walipanga foleni. Msumari wa tatu aliuweka kwa ajili ya mapaa ya wateja. La kwake angelimalizia Jumapili. Na kila Jumapili palikuwa na domino, kwa miaka thelathini. Wanasema mganga hajigangi. Huyu alijiganga theluthi mbili.

Yanelis akamaliza kahawa, akasema hakuna sheria inayokataza kuongeza msumari leo. Angepita tena Alhamisi, bila malipo.

Fundi wa kukodi angekula pesa zile zile walizotaka kuokoa kwenye bima. Basi Jumanne na Jumatano Eusebio alipanda mwenyewe alfajiri, maana ikifika saa tatu dari ni tanuri. Pale kenchi inapokutana na ukuta, paa linakuja chini kabisa; unalala kifudifudi na nyundo haina pa kuinuliwa. Unagonga kidogokidogo, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mtu anayemdai. Kila msumari ulipoingia alisema "tayari," na Milagros, chini ya ngazi, akapiga mstari kwa kalamu kwenye boksi mojawapo.

Baada ya mstari wa thelathini na nne pakawa kimya.

"Eusebio?"

"Nipo. Nimechoka tu."

"Shuka basi, baba. Twende huko Kentucky."

"Nikishuka sasa, sipandi tena."

Kisha nyundo.

Alhamisi Yanelis alipiga picha zake, akatuma fomu. Bima ikashuka mpaka elfu sita na mia moja. Hakuna aliyeshangilia; hizo wataziweza kwa shida, na mwakani nani ajuaye. Milagros alitoa maboksi barabarani yakachukuliwe na gari la taka, lile la mistari likiwa juu. Eusebio alilala mpaka Jumamosi.

Jumapili alikuja domino akitembea kama kabebeshwa zile kenchi. Pacheco alimsubiri akae, apange vipande vyake, ndipo akauliza, mbele ya wote, mdomo kama ule unagharimu kiasi gani kuutunza.

Eusebio hakuinua macho.

"Misumari ya mikanda, boksi la pauni moja. Dola sita na senti kumi na nane."