Raba za Pijo ya Makarius

Makarius, fundi cherehani wa Shanwe, alikuwa na gari ya zamani, Pijo, aliyoipenda mno. Lakini raba za milango zilikuwa zimesinyaa kwa jua zikaacha upenyo, na kila safari mkewe Pelagia alijifunika kanga usoni kwa sababu ya vumbi.

Jumamosi moja Makarius alizichomoa raba hizo, akaziloweka kwenye maji ya moto, kisha akazipaka glisirini huku akizivuta taratibu.

“Baba Agatha! Glisirini yangu ya miguu unaipaka gari?” Pelagia alishangaa.

“Si wewe ndiye unayekula vumbi, mama?”

Raba zililainika, zikafika tena hadi kwenye kona za milango, akazibandika kwa gundi.

Walipokwenda kijiji cha Mamba kumsalimia binti yao Agatha, Pelagia alisinzia mdomo wazi, bila kanga usoni. Makarius akapunguza mwendo asimwamshe.