Kesi ya Mvulana Asiyesalimia

Ninyi vijana mtakaosoma hapa, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, sina maneno ya kuwazungusha. Nataka kuwaeleza jinsi mvulana na msichana wa kwenye kitabu cha katuni walivyoachana, wakatugombanisha mimi na mjukuu wangu hapa kijijini kwetu, Iringa, barabara ya kwenda Idodi.

Vitabu hivyo anatuletea binti yangu anayekaa Mbeya. Kila kipya kikitoka, anakifunga ndani ya kanga, anakituma pamoja na mchele. Mjukuu wangu, yuko kidato cha pili, alikuwa ananisomea jioni nikipukuchua mahindi. Macho yangu hayawezi yale maneno waliyoyafungia kwenye viduara, madogo kama mayai ya chawa.

Mwanzoni nilikuwa nakemea. "Watoto wa shule wanatafuta nini nyuma ya darasa?" Kufika kitabu cha nne nilikuwa nakemea, halafu nasema, "Haya, fungua ukurasa."

Cha saba ndicho kilicholeta balaa. Bibi wa yule msichana anatoka porini na mzigo wa kuni kichwani. Mvulana anapita na baiskeli, nyaya masikioni, hamsalimii. Hata mwendo hapunguzi. Ukurasa unaofuata msichana anamwambia, "Mimi na wewe basi."

Nikapiga makofi, mahindi yakamwagika. "Huyo ndiye msichana! Kalelewa!"

Mjukuu wangu machozi yanamtoka. "Bibi, hakumwona! Alikuwa anawahi mtihani!"

"Mzigo wote ule wa kuni hakuuona? Ulikuwa sisimizi?"

"Lakini anampenda, bibi."

"Anayependa mtu hushuka kwenye baiskeli." Hapo ningenyamaza. Nikaongeza, "Na anayemtetea asiye na adabu, naye ni walewale."

Akafunga kitabu. "Sawa, bibi," akaingia chumbani. Tangu siku ile aliamka akanisalimia, alipika, alichota maji, kosa sikuliona. Ila kunisomea, basi. Nimwombe? Mimi?

Kitabu cha nane kikaja. Nikamsikia chumbani anacheka peke yake, kisha kimya, kisha "Weee!" Mikono ikasimama kwenye gunzi. Weee nini? Kesho yake, yuko shuleni, nikavaa miwani, nikakitoa kitabu juani. Nusu saa nzima nikapata maneno mawili: "Shikamoo, bibi." Kasema nani? Sura yake sikuijua. Nikakirudisha chini ya godoro kama mwizi.

Nikaona hili linataka watu. Kwetu wawili wakinuniana, anaitwa wa tatu. Nikamwita jirani yangu, mzee wa kanisa, mwanamke aliyesuluhisha ndoa za nusu ya kijiji. Nilimwambia tu kwamba kuna watu wameachana na nyumba yangu haina amani. Akaja na kitenge kipya, tukasalimiana kwa Kihehe. "Kamwene." "Kamwene." Akakaa mkekani, akauliza, "Haya, wenye ugomvi wako wapi?"

Mjukuu wangu akamwekea kitabu mbele. "Ukurasa wa kumi na mbili, bibi."

Jirani akanitazama mpaka nikaona aibu. Nikajua anaondoka. Akasema, "Lete miwani yako."

Akasikiliza kesi yote. "Huyu kijana ana wazazi?"

"Ana mama tu," akajibu mjukuu.

"Na bibi mwenye kuni, alilalamika?"

"Bibi mwenye heshima zake halalamiki," nikasema.

"Nimekuuliza wewe? Wewe ndiye uliyebeba kuni?"

Nikaokota hindi jingine, nikapukuchua.

Akatoa hukumu. "Kijana ana kosa, angerudi kuomba radhi. Msichana ana haraka, mtu haachwi kwa kosa moja bila kuitwa na kuambiwa. Na wewe, mwenzangu, umemtukana mtoto wa damu yako kwa ajili ya picha. Mwambie."

Hapo pagumu. Nimezaa sita, sijawahi kumwomba radhi hata mmoja. Nikasema nikiwa natazama mahindi, "Kauli ile niliyokuambia haikuwa nzuri."

"Nimesikia, bibi." Akainuka, akaenda kuleta kitabu cha nane bila kutumwa.

Kumbe ile shikamoo ni ya mvulana mpya, kachana nywele, anasalimia amepiga goti, na kuni anapokea. Ukurasa mmoja, shikamoo tatu.

"Huyu simtaki," nikasema.

"Bibi! Si ana adabu?"

"Anayekusalimia mara tatu kuna kitu anakitafuta. Yule wa baiskeli yuko wapi?"

"Yuko ukurasa wa ishirini, analia."

"Maskini, mtoto wa watu," akasema jirani, keshavua viatu. "Soma, mama, soma."

Tukafika mwisho. Msichana kasimama njia panda, huku wa baiskeli, huku wa shikamoo, na hajasema neno. Jirani akageuza kitabu nyuma na mbele kutafuta kurasa nyingine, hakuna. Mjukuu wangu akacheka, akaniegemea bega, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu kile cha saba.

Nikamwondoa, maana mahindi yalikuwa bado, nikawaambia wote wawili: "Kuanzia leo kitabu kikitoka Mbeya hakiingii chumbani. Kitafunguliwa hapa mkekani, nimeshakaa, na kitasomwa kwa sauti. Na asirukwe mtu hata mmoja, hata anayelia."