Barafu ya Friji na Kisu cha Bucha

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishtua. Niliingia Kitengela na nguo nilizovaa tu, shule nimeiachia darasa la nne, nikachinja mbuzi wa watu mpaka nikawa na bucha yangu na nyumba ya mawe. Miaka ya tisini ikiisha nilikuwa na friji, na majirani walikuwa bado wanapika cha siku hiyo hiyo. Niliiweka sebuleni, mgeni akiingia aione kwanza. Mke wangu akaivalisha vitambaa alivyofuma mwenyewe.

Ilikula stima vibaya. Bili ikija nilinguruma. Lakini mke wangu, Mkamba asiyejua kukaa bure, alikuwa ameanza kuuza maziwa lala. Akina mama Wamaasai walimletea maziwa asubuhi, yeye anayagandisha, anayapoza, anauza. Pesa hizo zilikuwa zake. Hata kutembea alitembea mabega juu.

Nikamwambia, "Stima inakula faida yako yote. Hiyo kitu nitaizima."

"Usizime, baba. Ita fundi aiangalie."

Fundi akaja, akacheka. "Mzee, umeibandika ukutani, itapumulia wapi?" Akaivuta mbele, akatoa vitambaa vya mgongoni, akabadilisha mpira wa mlango. Bili iliyofuata ikashuka. Ikabaki barafu ya juu, kwenye sehemu ya kugandisha, nene kama godoro. "Hiyo nayo inakula," akasema. "Zima siku moja iyeyuke yenyewe. Usiiguse na chuma."

Sasa, wiki hiyo mke wangu alikuwa amepata oda ya shule, sherehe ya kufunga muhula. Friji ilijaa maziwa mpaka mlangoni.

"Ngoja Jumamosi, nikishapeleka," akasema. "Nakuomba."

Mimi wa kungoja? Mtu amechuna ng'ombe wengi bila kutoboa ngozi? Alipotoka kuazima ndoo, nikachukua kisu cha bucha. Vipande viwili vikatoka vizuri sana. Cha tatu kikalia ssss, kama mtu anavuta pumzi kwa meno. Kisu kilikuwa kimetoboa bomba, gesi ya kupoza inatoka. Mashine ikaendelea kunguruma, lakini baridi ikawa imekwisha.

Akanikuta na kisu mkononi. "Umefanya nini?"

"Friji yenyewe ni mbovu."

Akaufunga mlango wa friji polepole, kama wa chumba cha mgonjwa.

Joto la Kitengela halina huruma. Maziwa yaliharibika, shule ikatafuta mwingine, na wateja wake wakamfuata huyo. Mke wangu akaenda kuandikwa shamba la maua upande wa Isinya. Alirudi jioni mikono imechanwa na miiba, anapakua chakula, analala.

Nikaamua kuitengeneza. Fundi akaziba tundu, ikavuja tena. Akabadilisha kile kipande chote cha juu cha kugandisha. Ikapoa kuliko zamani, na stima ikawa inaonja tu. Nikamwita mke wangu aone.

"Imepona. Hata kesho unaweza kuanza."

Akachungulia. Ndani kulikuwa na chupa ya maji na nusu kabichi.

"Weka nyama yako, baba," akasema, akaenda kuosha gambuti, viatu vyake vya mpira vya shamba.

Hakuuza maziwa tena. Ukijumlisha fundi, gesi, kipande cha juu na maziwa yaliyomwagwa, hasara ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili, mia sita na arobaini.