Korongo wa Mgongoni

Irmeli Kuosmanen ni mwoga. Nalisema hilo hata mbele yake, maana tumepika pamoja jikoni mwa shule hapa Iisalmi, mji wetu wa kaskazini kwenye baridi kali, kwa miaka mingi na mdomo wangu anaujua. Anaogopa barafu ya ziwani hata baada ya kuona magari yakipita juu yake. Anaogopa simu ikilia wakati wa chakula. Sufuria kubwa la supu ya mbaazi likianza kutokota, hurudi nyuma kwanza, kisha hulikoroga kwa mkono ulionyooshwa kana kwamba anamlisha mbwa mkali.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kununua kompresa, mashine ya kusukuma hewa inayonguruma.

Ilianzia kwenye darasa la jioni la watu wazima, alikokwenda kujifunza kushona mikoba ya ngozi. Mwalimu aliwaonyesha kidude cha chuma mfano wa kalamu nene, chenye kikombe kidogo cha rangi juu na mpira wa kupitishia hewa chini. Ukikibonyeza kitufe, hewa inatoka. Ukikivuta nyuma, rangi inafuata, nayo inatua juu ya ngozi kama ukungu bila kitu chochote kuigusa. Kesho yake, tukipanga sahani, Irmeli aliniambia hajapata kuona kitu kizuri kama kile, na kwamba kilimtia hofu. Nikamwambia basi aachane nacho. Wiki hiyohiyo akanunua.

Majira yote ya baridi alijifunzia kwenye gereji yao. Kompresa ilikuwa ikijiwasha yenyewe kila hewa ilipopungua, na kila ilipojiwasha Irmeli alishtuka na mchoro ukaharibika. Akisogea karibu mno, rangi ilitawanyika kwa vijimistari vyembamba kila upande. Akikaa mbali mno, ilikaukia hewani na kutua kama vumbi. Alichora nukta na mistari kwenye mabaki ya ngozi hadi akaota nukta na mistari. Akahamia kwenye mkoba wake wa zamani, kisha kwenye pochi ya mumewe, Taisto, akamchorea samaki juu yake. Taisto si msemaji. Aliigeuza pochi huku na huku, akauliza kama huyo ni jongoo, akaitia mfukoni na hadi leo anatembea nayo.

Theluji ilipoanza kulainika, samaki wake walikuwa wameshakuwa samaki. Ndipo alipokuja Minttu.

Minttu ni binti wa marehemu Urpo Tiilikainen, dereva wa malori ya magogo na mwendesha pikipiki ambaye ungemsikia kabla hujamwona. Urpo alifariki vuli iliyopita, moyo ulisimama ghafla akiwa anapanga kuni. Alimwachia bintiye pikipiki na jaketi la ngozi nyeusi lenye korongo mgongoni. Ndege huyo alichorwa zamani kwa brashi, na sasa alikuwa amebaki shingo na nusu ya bawa. Kila siku ya kwanza ya Mei wenye pikipiki wa kwetu hutoka pamoja kwa mara ya kwanza baada ya baridi, na hupitia makaburini kuwasalimu wenzao waliotangulia. Mwaka huu Minttu naye angekwenda, akiwa na jaketi la baba yake, na alitaka korongo awe mzima.

Alilivua begani akamkabidhi Irmeli kwa mikono miwili.

"Nakuomba kitu kimoja tu," akasema. "Harufu yake usiiondoe. Nikitia uso kwenye kola, baba yupo. Kwingine kokote sina pa kumpata."

Hapo ndipo Irmeli alipokwama. Urpo, kama wanaume wengi wa kwetu, alilipaka jaketi lake kila vuli mafuta yenye lami itokayo kwenye mti wa msonobari, yaleyale ya kupaka mabuti. Harufu aliyoizungumzia Minttu ilikuwa mafuta hayo, yaliyochanganyika na tumbaku na petroli. Na ngozi yenye mafuta haishiki rangi. Ni lazima uifute kwa asetoni, dawa ya kuyeyushia mafuta, ufute na ufute, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kwa hiyo msichana alikuwa ameomba mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja, na Irmeli alilijua hilo palepale.

Angesema. Lakini sisi watu wa Savo, mkoa wetu huu, tukiombwa tusiloliweza, hatukatai. Tunanyamaza, tunaangalia dirishani, na anayeomba anauchukua ukimya wetu kuwa ndiyo. Minttu alishukuru, akafunga mlango taratibu, akaondoka.

Asubuhi Irmeli alifika kazini macho yamevimba.

"Nikilifuta, namzika Urpo mara ya pili," akaniambia. "Nisipolifuta, korongo atabanduka njiani hata makaburini hawajafika."

"Shoga, si umrudishie tu?"

"Nitamrudishiaje? Ameshanishukuru."

Nilimwona akiweka chumvi kwenye uji wa watoto mara mbili, nikamnyang'anya mwiko.

Mwishowe aliamua kufuta mgongo tu, eneo la ndege basi. Kola, mikono na kifua alivifunika kwa karatasi na kuzibandika kingo zote. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi, kilichofuata kahawia, na alipofikia cheupe gereji nzima ilinuka dawa ya kutolea rangi ya kucha. Alifungua milango baridi iingie, akabandua karatasi kwenye kola, akanusa. Hakusikia kitu. Akaja kunigongea mlango, amelikumbatia lile jaketi, ananiomba ninuse mimi. Ningeweza kumdanganya, lakini uongo haunikai usoni. Nilimwambia nasikia asetoni tupu.

Alikaa kwenye ngazi yangu, jaketi mapajani. Hakulia. Alikuwa na hofu ya mtu aliyeangusha kitu cha mwenzake na bado anakitazama kikianguka.

Hata hivyo alichora, kwa sababu sasa alibaki korongo peke yake. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikimtazama. Alitanguliza hewa, kisha rangi, kama alivyofundishwa, na akimaliza mstari aliikata rangi kwanza ndipo hewa. Kijivu cha mwili kilikuja kwa matabaka membamba, kila moja likisubiriwa likauke. Shingo ikawa nyeusi. Kile kipande chekundu cha utosini alikiacha hadi mwisho, na alipokifikia aliushika mkono wake kwa mkono wa pili. Kompresa ilijiwasha katikati ya kazi. Safari hii hakushtuka, nadhani hofu yote ilikuwa imeshatumika kwingine.

Alikuwa korongo hasa. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini nilisimama kutoka kwenye ndoo.

Rangi ilihitaji siku kadhaa za kutulia mahali pakavu pasipo na vumbi. Kwetu mahali hapo ni sauna, kile chumba cha mbao cha uani tunamoogea mvuke. Uyoga tunakaushia humo, soksi humo, nyavu za samaki humo. Irmeli alilitundika jaketi juu ya benchi la juu, akafunga mlango, akamwambia Taisto sauna haiwashwi mpaka Jumamosi. Taisto akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi tulikuwa tunarudi kutoka kazini kwa baiskeli, maji ya theluji yakitiririka kando ya njia. Tulipokata kona, Irmeli akasimamisha baiskeli.

"Kwa nini kuna moshi?"

Niliangalia. Bomba la sauna yao lilikuwa linatoa moshi mweupe, ulionyooka. Nilipogeuka, baiskeli yake ilikuwa mtaroni na yeye anakimbia. Sikuwahi kumwona Irmeli akikimbia. Alikuwa akitoa sauti ndogo kila hatua, na sauti hiyo ilinitia baridi mimi niliyekuwa nyuma yake.

Mambo yalikuwa hivi. Minttu alipita kuuliza kazi imefikia wapi, akamkuta Taisto peke yake. Taisto alimpa kahawa, wakainywa, ikaisha. Mwanaume asiye na maneno amfanyie nini mgeni? Alikwenda kumwashia sauna. Katazo la Jumamosi alilielewa kuwa ni lake yeye, la mgeni ni jambo jingine. Na jiko la sauna yao huchochewa kutoka chumba cha kuvulia nguo, kwa hiyo mlango wa ndani hakuufungua hata kidogo.

Irmeli aliufungua. Joto likatupiga usoni.

Jaketi lilikuwa palepale kwenye msumari, linang'aa. Mafuta ya miaka yote, yale yaliyozama ndani kabisa ambako asetoni haikufika, yalikuwa yametoka jasho na kupanda juu kupitia rangi. Bawa la korongo lilikuwa limekunjamana. Irmeli aligusa, na rangi ya kijivu ikamfuata kidoleni, ngozi ikabaki nyeusi, tupu. Aligusa tena, kana kwamba mara ya pili ingekuwa tofauti.

Nyuma yetu mlango wa nje ulilia. Minttu alikuwa ameingia kutoka ndani ya nyumba, na soksi zake za sufu zimelowa kwa kuvuka uwanja. Irmeli aligeuka akiwa amelishika jaketi kifuani, uso mweupe kabisa. Niliogopa angeanguka juu ya jiko.

"Nimemharibu," akasema. "Minttu, nimemharibu baba yako."

Msichana aliinua pua. Alisimama kizingitini akavuta pumzi, akaizuia, akavuta tena. Ndipo na mimi nikaisikia. Chumba kizima kilikuwa kimejaa harufu ya lami, tumbaku na petroli, nzito, ya moto, kana kwamba Urpo ameingia sasa hivi kutoka barabarani na hajavua mabuti.

"Fungeni mlango," akasema Minttu. "Upesi. Baba atatoka."

Niliufunga. Tulikaa kwenye benchi la chini tukiwa na makoti yetu, wanawake watatu, jasho likitutiririka shingoni. Minttu aliliweka jaketi mapajani, akainamisha uso kwenye kola, mabega yakaanza kumtikisika. Kila aliposogea, kipande kingine cha korongo kilibaki kwenye sketi yake. Irmeli alikiangalia kila kipande kikianguka. Ilikuwa kazi yake ya majira yote ya baridi.

Taisto akagonga ukutani kutoka chumba cha nje. Aliuliza kama moto umetosha au aongeze kuni.

Minttu aliinua kichwa kwa hofu, akamtazama Irmeli. Kwenye ngozi vilibaki shingo na kile kipande chekundu cha utosini, navyo vilikuwa vimeanza kulainika; moto ukizidi vingekwisha, ukipungua harufu ingekwisha.

"Ongeza," akasema Irmeli.